Shikamoo Kumi na Mbili za Duma

Hapo zamani za kale, na wewe huko nyuma acha kumsukuma mwenzako usikie, nchi ya wanyama ilikuwa na kisima kimoja tu. Wenyewe walikuwa Duma na Nyati. Kiangazi kilipokuwa kikali, Digidigi aliwapeleka wanawe kunywa maji, Duma akawafukuza.

"Watoto wako hawana adabu," alisema. "Juzi walinipita bila kuniamkia. Hawanywi maji yangu."

Digidigi akapiga goti. "Bwana mkubwa, tushindane mbio, mimi na wewe, kutoka hapa hadi mlimani na kurudi. Nikishinda, wanangu wanywe. Nikishindwa, tutahama."

Duma alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kesho alfajiri. Nyati atakuwa mwamuzi."

Nyumbani mkewe Digidigi alikuja juu. "Baba watoto, umerukwa na akili? Tutahamia wapi na kiu hii?"

"Duma ana mbio, hana safari," akajibu mumewe. "Mimi tangu kiangazi kianze naenda mlimani kila siku kutafuta majani mabichi. Niitie watoto wote, wetu na wa dada zako. Nataka kuwafundisha adabu."

Alfajiri Nyati akapiga kwato chini, pu! Duma akachomoka, vuuu! Digidigi akafuata polepole, tip tip tip.

Kwenye kona ya kwanza kitoto kimoja kilikuwa kimesimama, kichwa kimeinama. "Shikamoo, babu."

Sasa huyu Duma, ukitaka kumwona amefurahi, mwamkie. Na kwake mkubwa haitikii salamu huku anakimbia. Akafunga breki. "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Baba anakusalimu. Mama anakusalimu. Bibi pia anakusalimu, goti linamsumbua."

"Mwambie pole sana."

Tip tip tip. "Shikamoo, bwana mkubwa," alisema Digidigi akipita, wala hakusimama.

Duma akachomoka tena, vuuu, akampita. Kona ya pili, kitoto kingine. "Shikamoo, babu." Akasimama. Kona ya tatu vilevile, mpaka ya sita. Anakimbia kwa nguvu zote, anasimama, anakimbia kwa nguvu zote, anasimama. Wakati wa kurudi walikuwa pale pale wakimngoja, wanataka na habari za mlimani.

Kisima kilikuwa kinaonekana alipoamkiwa mara ya kumi na mbili. "Mara..." akaitikia, miguu ikakataa, akakaa chini, puu! "Haba" ilibaki kooni.

Digidigi akampita kwa mwendo wake ule ule, hadi kisimani.

"Digidigi ameshinda," alisema Nyati, kwa shingo upande.

Duma alipofika akijikokota, alikuta watoto wamejipanga kisimani. Nyuso zile alizijua.

"Kumbe walioniamkia njiani ni wako?"

"Wangu na wa shemeji zangu. Si ulisema hawana adabu?"

Watoto walipomwona, wakageuka wote. "Shikamoo, babu!" alianza wa kwanza.

"Basi, basi," alisema Duma, kainua mkono. "Kunyweni."

Tangu hapo wanyama hukimbia njia ile kila mwaka, hata wenye miguu mifupi, maana kila mmoja anajua anaweza kufika. Watazamaji hujipanga kila kona wakisalimu, na wakimbiaji huitikia huku wanakwenda.

Nanyi mshike hili: anayesimama kupokea kila heshima, hafiki.