Salamu za Bi Kindi kwa Bwana Dubu

Hadithi, hadithi?
*Ije, tumeikalia.*
Nikiita?
*Tutaitika.*
Nikinong'ona?
*Tutasogea.*

Basi sogeeni, maana hii husemwa kwa sauti ya chini.

Hapo kale, huko Kanada, nchi ambayo maji huwa jiwe, palikuwa na mji wa wanyama. Ulikuwa na meya, Bata Bukini, aliyeruka kwenda kusini kila theluji ilipoanguka. Akiruka tu, baraza limefungwa mpaka theluji iyeyuke. Ulikuwa na madiwani wa kila kata. Na ulikuwa na ghala moja lililojaa mbegu na karanga za kuwavusha wadogo wote wakati wa baridi.

Tena palikuwa na Dubu.

Sisemi Dubu alikuwa mbaya. Anayelala miezi bila kula huamka na njaa ambayo mimi na wewe hatuijui. Lakini kila majani yalipoanza kudondoka, Dubu alikuja barazani na hoja ileile: "Nipeni ufunguo wa ghala, nililinde wakati wa baridi."

Kila mtu alijua ulinzi wa Dubu. Angekula ghala zima kwa siku moja, kisha angelala, na wadogo wangekufa kwa njaa mbele ya mlango wake.

Mtauliza, kwa nini hakuvunja mlango tu? Kwa sababu ghala lililindwa na kundi la paa wakubwa, wenye pembe pana kama majembe. Paa wale hawakuwa na rafiki wala adui. Walifuata lile lililokatwa na baraza. Baraza likisema mpeni, wanampa. Baraza likisema asipewe, wanamkanyaga.

Na katika baraza lile, aliyenyamaza wakati wa kura amekubali, na sauti moja ya kukataa ilitosha kuangusha hoja.

Diwani wa kata ya Matawi ya Chini alikuwa Sungura. Naam, Sungura mwenyewe, ambaye katika hadithi nyingine hafi. Alipanda kisiki cha kusemea akasema, "Sikubali." Hoja ikaanguka, watu wakacheka, Dubu naye akacheka. Asubuhi kiti cha Sungura kilikuwa kitupu. Kwenye majani yalibaki manyoya meupe kidogo, na upepo ukayachukua.

Hakuna aliyeona. Hakuna aliyeuliza. Mimi siwalaumu.

Kata ilihitaji diwani mpya. Hakuna aliyetaka. Wakamchagua Bi Kindi kwa sababu siku hiyo hakuwepo kukataa. Alikuwa nyumbani na watoto wake wachanga.

Majani yakaanza tena kudondoka. Dubu akaja. *Gudu, gudu, gudu.* Akaketi mbele, akatoa hoja yake. Meya akauliza kama yuko mwenye neno. Kindi akawaza tundu lake, akawaza vinywa vilivyokuwa humo, akapanda kisikini. Sheria ilikuwa hii: aliye kisikini hakatizwi mpaka ateremke. Na palikuwa na sheria nyingine, aliyoileta Dubu mwenyewe: kila anayesema amsalimu kwanza yeye na ukoo wake kwa heshima kamili.

"Mheshimiwa Meya, waheshimiwa madiwani," alisema Kindi, mkia ukitetemeka *te-te-te*.

"Sema itifaki imezingatiwa, bibi," akasema Dubu. "Njaa inaniuma."

"Nitasemaje imezingatiwa, Bwana Dubu, nami bado sijaizingatia? Watasema Kindi kapewa kiti juzi tu, leo kashaanza kukudharau."

Dubu akafikiri. Ni vigumu mtu kukataa kuheshimiwa mbele za watu.

"Haya. Nisalimu."

"Shikamoo, Bwana Dubu."

"Marahaba."

"Namsalimu baba yako, aliyekuwa na mgongo kama kilima."

"Marahaba," akasema Dubu kwa niaba ya baba yake.

"Namsalimu babu yako, aliyevua samaki bila kulowa."

"Marahaba. Huyo kweli alikuwa fundi."

Akamsalimu bibi yake mzaa baba, na bibi yake mzaa mama. Akasalimu shangazi. Akasalimu wajomba. Jua likazama, wakalala palepale, likachomoza, akaendelea, siku baada ya siku. Alipomaliza ukoo wa Dubu akageukia madiwani wengine. "Nakusalimu, Bwana Panya wa kata ya Mashimo, wewe na wazee wako." Panya alitazama huku na huku. Kuitikia salamu si kupinga. "Salama," akasema, kwa sauti ndogo kama nyasi. Kanga-mwitu akaitikia. Nungunungu akaitikia. Kila aliyeitikia alimtazama Dubu kwanza.

Baridi ikaingia. Dubu akapiga mwayo, *aaauuu*. Kisha macho yakawa madogo. Akainuka, akasogea mpaka kisikini. Pumzi yake ilinuka samaki wa zamani.

"Bi Kindi," alisema polepole, "na wewe, wanao hawajambo?"

Baraza zima likasikia.

"Hawajambo, bwana."

"Wako kwenye lile tundu la upande wa mto, sivyo? Wamenenepa?"

Kindi alitaka kuteremka akimbie. Angeteremka, kura ingepigwa.

"Wamekonda, bwana. Nao wanakusalimu. Mkubwa anasema shikamoo."

Dubu akamkodolea macho. Salamu ni salamu. "Marahaba."

"Wa pili anasema shikamoo. Anauliza na mama yako hajambo?"

"Mara... haba."

Theluji ikaanza. *Chwi, chwi, chwi.* "Wa tatu naye," akasema Kindi, sauti imekauka, "wa tatu anasema..."

*Puu!* Dubu akaanguka. *Khoro, khoro, khoro.* Meya akatandaza mabawa, baraza likafungwa. Paa walimburuta Dubu mpaka pangoni, na wadogo wakala mpaka theluji ilipoyeyuka.

Msimshangilie Kindi bado. Theluji ilipoyeyuka Dubu aliamka. Alikumbuka kwamba alisalimiwa sana. Jinsi ilivyoisha hakukumbuka. Majani yalipodondoka akarudi. Kindi akapanda kisikini. Ikawa hivyo mwaka huo, na mwaka uliofuata, na mingine. Kila uchaguzi Kindi alisema amechoka, na kila uchaguzi hakuna aliyetaka kiti chake. Watoto wakakua wakapata watoto. Wengine mjini walisema, "Huyu bibi anapenda madaraka." Hawakujua kwamba kila aliposikia kucha za Dubu mwambani, *kwaru, kwaru*, mbegu ilimdondoka mdomoni.

Kisha mwaka mmoja Dubu alikuja mapema, majani yangali mabichi. Alikuwa amekonda, na hakucheka.

"Nimekuwa nikilala kabla ya kura," alisema. "Nimechelewa kuelewa, lakini nimeelewa. Mwaka huu salamu hakuna. Mimi mwenyewe mwenye kusalimiwa nasema: itifaki imezingatiwa. Meya, itisha kura."

Kindi alikuwa bado hajapanda kisiki, mzee, mkia umepukutika.

"Wasiokubali waseme," akasema Meya, akitazama chini.

Kimya. Mmewahi kusikia kimya kama kile? Hata mto ulikuwa kama umesimama. Na kimya kilikuwa kura ya Dubu.

"Sikubali," akasema Kindi.

Dubu akamgeukia. *Gudu.* Akasogea. *Gudu.* Akainua mkono wake mpana, kivuli kikamfunika bibi mzima mzima.

"Sikubali," ikasema sauti ndogo kama nyasi.

Alikuwa Panya. Yeye mwenyewe alishtuka kuisikia. Miaka mingi alikuwa ameitikia mbele ya Dubu akarudi nyumbani mzima, na kinywa kilikuwa kimezoea kabla ya moyo.

"Sikubali," akasema Nungunungu, akajificha nyuma ya miiba yake.

"Sikubali." "Nami sikubali." "Sikubali." Walitetemeka, wengine walifumba macho, lakini walisema. Nje, paa wakainamisha pembe.

Dubu akashusha mkono. Akamtazama kila mmoja, taratibu, kama anayejifunza sura.

"Nimewaona," akasema. "Leo nimewaona wote. Theluji ikiyeyuka tutasalimiana."

Akaondoka na njaa yake. Mwaka ule ghala lilibaki zima, watoto wakala wakashiba, na hakuna mzazi aliyelala usingizi mzito. Theluji ilipoanza kuyeyuka, *to, to, to*, Panya alikwenda kwa Bi Kindi, akamwomba amfundishe kupanda kisiki.

Hadithi yangu nimeitua mlangoni. Mwenye nguvu aibebe.

Na fundisho lake ni hili: mdogo anyamaze mbele ya mkubwa. Salamu ndefu hupoteza muda wa watu. Kura ni mambo ya wenye meno.

Nimelisema kwa sauti kubwa ili na yule aliye nje alisikie. Nyinyi wa humu ndani, itikieni taratibu.