Mahali pa Kuweka Injini

Hapo zamani, si zile za sungura kumdanganya fisi, bali zamani za juzi, mashamba ya mkonge yalipoanza kuota magugu na wenyewe wakarudi kwao Ulaya, palikuwa na karakana pale Mombo, chini ya milima ya Usambara. Mwenyewe alikuwa Fundi Ausi Shekalaghe, Msambaa wa Bumbuli. Alipofariki, karakana ikabaki mikononi mwa mjane wake, Bi Mwanamvua binti Kaniki, ambaye kwa miaka ishirini na sita alikuwa amemshikia mumewe spana. Bibi huyo aliweza kusikia gari likipita barabarani akasema, "Valvu ya tatu hiyo," na likifunguliwa, kweli ni ya tatu.

Katika karakana ile walikuwamo mafundi watatu, na mafundi watatu walikuwa na magari matatu ya mbio. Wazungu wa mkonge walikuwa wameyatelekeza: moja katika banda la kuku, moja nyuma ya kiwanda, moja kichakani, limeota nyasi kwenye viti. Fundi Ausi aliyakokota yote, akampa kila fundi mzoga wake aufufue.

Wa kwanza alikuwa Anaeli Nanyaro, Mmeru. Gari lake lilikuwa refu, jekundu, boneti yake ndefu kama meza ya karamu, na chini ya boneti hiyo ilikaa injini ya silinda sita. Injini mbele.

Wa pili alikuwa Mkomwa Semkiwa, Mzigua wa Handeni. Gari lake lilikuwa fupi na la mviringo kama kobe. Injini ilikaa nyuma kabisa, ng'ambo ya ekseli ya magurudumu ya nyuma, mahali ambapo watu wengine huweka mizigo. Na mizigo ikahamia puani. Injini nyuma.

Wa tatu alikuwa Mihayo Kasanda, Mnyamwezi wa Sikonge. Lake lilikuwa dogo kuliko yote, la chini hata mbuzi akichungulia anaona paa. Injini ilikaa mgongoni mwa dereva, mbele ya magurudumu ya nyuma. Buti la mizigo halina, na kiti cha abiria ni cha jina tu. Injini katikati.

Mfanyabiashara mmoja wa Tanga alikuja kuyatazama. Alilizunguka la Anaeli akasema lina thamani ya nyumba ya mawe. La Mkomwa akasema lina thamani ya ng'ombe wanane. La Mihayo hakulitajia thamani yoyote mpaka alipoendeshwa ndani yake hadi kituo cha reli na kurudi. Akatoka ameshika kofia yake, akasema hilo nalo ni nyumba ya mawe, na ua wake. Tangu siku hiyo ubishi haukukoma.

"Mbele," Anaeli alikuwa akisema. "Ng'ombe wa kulimia hufungwa mbele ya jembe."

"Nyuma," alisema Mkomwa. "Msukuma mkokoteni husimama wapi, baba? Puani?"

"Katikati," alisema Mihayo. "Babu zangu walibeba pembe kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo. Mpagazi hafungi mzigo puani wala matakoni. Huuweka pale ulipo uzito wake mwenyewe."

Mbele, nyuma, katikati. Ugali ulipoa mezani kila siku kwa ajili ya maneno hayo matatu.

Sasa binti wa Bi Mwanamvua, aliyeolewa Korogwe, akajifungua mapacha, akamwita mama yake akae naye. Bibi akaamua kuhama. Akawaita mafundi wake.

"Wanangu," alisema, "karakana haiwezi kuwa na mabwana watatu. Nitampa mmoja, pamoja na vyombo vyote, na jina lake litaandikwa ukutani. Wawili watafanya kazi chini yake, au watatafuta kwingine. Kesho asubuhi mtapanda Lushoto, mzunguke njiapanda ya sokoni, mrudi hapa. Sikilizeni vizuri: sikusema wa kwanza kurudi. Nitampa yule ambaye gari lake litanionyesha kwamba injini yake imekaa panapostahili. Mmebishana kwa midomo vya kutosha. Sasa iseme barabara."

Wote watatu wakajibu, "Tumesikia, Mama." Na kila mmoja alilala akijua kwamba karakana ni yake.

Kulipokucha, mvua ilikuwa imenyesha milimani. Mkomwa alikuwa na desturi moja: kwa kuwa injini ilikaa nyuma, pua ya gari lake ilikuwa nyepesi, basi kila aendapo mlimani huweka gunia la mchanga katika buti la mbele, ili magurudumu ya mbele yakamate njia. Asubuhi ile Mihayo alikwenda taratibu, akafungua buti lile mbele ya macho ya watu, akalitoa gunia na kuliegemeza ukutani.

Hapo lazima ijulikane kwamba Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu siku za misafara. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Unacheka, kisha unakikomboa.

"Mtani," alisema Mihayo, "mgonjwa wako huyu nimemlaza hapa. Ukimtaka, lete jogoo."

"Jogoo?" alisema Mkomwa. "Mnyamwezi akipewa jogoo humla na manyoya. Mwache mgonjwa alale. Nitakushinda bila yeye, na jioni utanipikia wewe."

Bi Mwanamvua aliona yote, akacheka mpaka akapangusa macho kwa ncha ya kanga. Anaeli naye aliona. Yeye Mmeru, hakuwa na utani na yeyote kati yao, na angeweza kusema neno la maana. Alitikisa kichwa tu, akafunga boneti yake.

Bibi alitaka kwenda kuona kwa macho yake. Goti lake lilikuwa na baridi yabisi. Katika gari la Mihayo hakuweza kuingia. Katika la Mkomwa aliweza kuingia lakini hakuweza kutoka. Akapanda la Anaeli, akanyoosha mguu, akatoshea.

Magari yakaondoka. Kwenye lami ya chini Anaeli aliwatangulia wote. Silinda sita zilinguruma hata watu wa mashambani wakasimama na majembe. Milima ilipoanza na kona kuanza, Mihayo alimpita. Gari lile dogo liligeuka kona kana kwamba limechomekwa msumari katikati likazungushwa. Bi Mwanamvua akaguna.

"Umeona hiyo?" alimwambia Anaeli.

"Nimeona, Mama. Safari haijaisha."

Kabla ya Soni wakakuta tope. Gari refu likatia pua, likaingia, kisha magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, maana uzito wote ulikuwa mbele nayo hayakuwa na cha kuyakandamiza. Mihayo alipenya kwa shida, akiyumba kushoto na kulia. Mkomwa hakuyumba. Injini ililala juu ya magurudumu yake ya nyuma kama kuku juu ya mayai, na gari likapanda tope lile kama linapanda ngazi. Akampita Anaeli, akampita na Mihayo, akatokomea.

"Na hiyo umeona?" alisema Bibi.

Anaeli alifungua mlango. Alishuka akatafuta mawe.

Wakaja wanawake wanne wa Kisambaa, wana vikapu vya matunda ya damu, yale mekundu ya milimani, vichwani, wakielekea soko la Soni. Mkubwa wao alilitazama gari kutoka pua hadi mkia.

"Baba, gari lote hili, na limeshindwa na tope la mbuzi?"

"Limekosa uzito nyuma, mama," alisema Anaeli.

"Uzito unao hapa," alisema yule mwanamke, akajigonga kiunoni, na wenzake wakacheka. "Ukitufikisha Soni tutakukalia."

Wakakaa juu ya buti, vikapu mapajani. Magurudumu yakauma ardhi, na gari likatoka. Walipofika Soni wanawake wakanogewa, wakakataa kushuka. Anaeli akasema potelea mbali, njia ya juu ina tope pia. Wakaendelea hivyo hivyo, wanawake wanaimba nyuma, Bibi anacheka mbele.

Juu kidogo ya Soni, kwenye kona iliyo juu ya mto, kicheko kikaisha.

Mkomwa alikuwa amekwisha kufika Lushoto, akazunguka njiapanda, akawa anateremka kwa kasi, wa kwanza. Alipofika kwenye kona ile alikata usukani. Pua ilikuwa nyepesi mno. Magurudumu ya mbele yaliteleza, gari likaenda moja kwa moja likatoka njiani. Nusu ya mbele ilining'inia juu ya bonde. Nusu ya nyuma ilibaki ukingoni, imelalia injini yake. Mkomwa alikuwa ndani, mikono juu ya usukani, hathubutu kupumua.

Mihayo, aliyekuwa akiteremka nyuma yake, aliwahi kusimama. Njia mbele yake ilikuwa nyeupe mpaka Mombo. Hakuitazama. Anaeli alipofika alimkuta amekaa juu ya kifuniko cha injini ya mtani wake, miguu ameikaza ukingoni, anamwambia, "Usikohoe, mtani. Hata ukitaka kunitukana, nitukane polepole."

"Mnyamwezi," sauti ikatoka ndani, "umenenepa lini? Nimefurahi umenenepa."

Gari la Mihayo halikuweza kuvuta kitu. Lilikuwa jepesi, lingevutwa lenyewe. Anaeli alitoa mnyororo katika buti lake kubwa, akaufunga nyuma ya gari lake na nyuma ya gari la Mkomwa. Wanawake wakajipanga tena juu ya buti la Anaeli. Akaweka gia ya kwanza. Silinda sita zikavuta, mnyororo ukakaza, na lile kobe likarudi njiani shubiri kwa shubiri, hadi magurudumu yote manne yakakanyaga ardhi. Mkomwa alitoka, akakaa chini, akaomba maji.

Hakuna aliyeendelea na mashindano. Walirudi Mombo pamoja, kobe likiwa limefungwa mnyororo, maana usukani wake ulikuwa umepinda. Jioni wakasimama mbele ya Bi Mwanamvua, na ufunguo wa karakana ulikuwa mkononi mwake.

"Semeni," alisema.

Mkomwa akasema, "Mama, ni mimi niliyepanda tope peke yangu bila kuyumba. Ni mimi niliyefika Lushoto wa kwanza. Na nilipoanguka, nani alinishika kabla ya mtu yeyote kufika? Injini yangu. Ingekuwa mbele, leo mngenitafuta mtoni. Sikuwa na gunia langu, na ingawa liliondolewa kwa utani, kona ile ningeikata nalo. Nimetendewa, sikukasirika, na bado nilikuwa naongoza."

Mihayo akasema, "Mama, gunia nililiondoa, sikatai. Lakini lipimeni. Angekuwa nalo, na akaja kwa mwendo ule wa majivuno, pua ingekuwa nzito na gari lingeinamia bondeni. Nilichochukua kwa utani ndicho kilichomwacha hai. Tena nilimwambia alikomboe, akakataa. Gari langu lilizunguka Lushoto, halikuteleza kona hata moja, liliweza kusimama mahali ambapo jingine halikuweza, na kama ningekuwa mtu wa kupita, ningekuwa hapa adhuhuri."

"Gunia lingenigeuza kona," alisema Mkomwa.

"Gunia lingekugeuza marehemu," alisema Mihayo.

Anaeli akasubiri wanyamaze. "Mama, mimi Lushoto sikufika. Nilikwama tope, na mkaona. Asubuhi nililiona gunia likitolewa, nikafunga mdomo, na hilo naliona aibu. Lakini magari mawili yalikuwa pale kwenye kona, moja linaning'inia na jingine linatazama. Ni lipi lililomtoa mtu? Ni gari gani lililokubeba wewe na goti lako, na wanawake wanne na vikapu vyao? Hukusema nani afike. Ulisema gari lionyeshe. Langu limeonyesha."

Bi Mwanamvua aliwatazama mmoja mmoja. Alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alicheka gunia lilipotolewa, naye ndiye pekee ambaye kila mmoja wao angemtii. Hakuficha. "Na mimi nilikuwapo," alisema, "nikacheka."

Kisha hakusita. Basi la Korogwe lilikuwa linapita asubuhi, na kabla halijapita alikuwa amekwisha kumpa mmoja ufunguo, akalipa rangi ya jina ukutani, akapanda na mabunda yake bila kugeuka nyuma. Jina lile liliandikwa vizuri, kwa herufi kubwa. Lakini Mombo watu waliolisoma hawakukubaliana: watu watatu wakisimama mbele ya ukuta ule, wawili walisema Bibi amekosea, na kila siku hawakuwa wawili wale wale.

Basi ninyi mnaosikiliza, jina hilo halitatajwa. Upo ufunguo, na zipo injini tatu: iliyomshika mtu asianguke, iliyosimama ikaacha ushindi wake, na iliyomvuta akarudi njiani. Je, ni nani aliyestahili karakana?