Kofia ya Marehemu Kivukoni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wa ng'ambo mbili za mto walipokwisha kupatana kwamba soko lao ni moja, palikuwa na Digidigi mjane aliyelima nyanya.

Mapatano yalisomwa kwa ngoma: kila mnyama avuke na mzigo wake. Wakala karamu, wakashiba, wakarudi makwao. Kesho yake Kiboko, Mkuu wa Kivuko, akaongeza mstari mmoja chini: jike asivuke ila na mumewe, na mume ajulikane kwa kofia.

Mume wa Digidigi alikufa masika iliyopita. Digidigi, kama mjuavyo, huishi wawili wawili. Akibaki mmoja, hata kivuli chake huonekana kimepungua. Kila akipika alipakua sahani mbili, kisha ya pili akairudisha chunguni.

Mara mbili alirudishwa kivukoni, nyanya zikaoza tengani. Shambani zikabaki nyanya za tenga moja tu.

"Mumeo yuko wapi, Bi Digidigi?" Kiboko aliuliza, macho na pua tu juu ya maji.

"Amefariki, Bwana Mkuu. Ulikuja matangani, ukala."

"Pole sana. Basi hujatimiza masharti."

Ngiri, aliyejikodisha pale kuwa mume wa kila asiye naye, akamnong'oneza: "Nusu tenga, shemeji, nikuvushe." Siku hiyo alikuwa na wake tisa, na hakujua jina la hata mmoja.

"Ahsante," akasema Digidigi. "Wangu ninaye nyumbani."

Akarudi, akaangua kofia ya marehemu msumarini. Akalivisha buyu kubwa, akalizungushia shuka, akaliketisha juu ya tenga, tenga akajitwika kichwani. Huyoo, kivukoni, tip tip tip.

Mume kubebwa na mkewe juu ya mzigo, Kiboko hakuona ajabu.

"Karibu, bwana," akaiamkua kofia. "Mbona hajibu?"

"Ana adabu. Mbele ya wakubwa hasemi."

"Madume wa namna hii wameadimika," Kiboko akasema. "Pita, bwana. Na mkeo."

Nyanya zikauzwa. Msimu uliofuata walivuka kila soko, na sifa za bwana yule zikaenea: hasemi ovyo, hagombani, hachelewi. Baraza la Kivuko lilipotafuta mwenyekiti, buyu likachaguliwa bila kupingwa. Digidigi akaruhusiwa kuketi nyuma yake, kumpepea.

Njiani kurudi alizoea kulisimulia buyu bei za ng'ambo. Ngiri akimpita alidhani mtu na mumewe wanazungumza.

Sasa, baraza lile lilikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, hasemi mtu kabla ya mwenyekiti. Ya pili, anyamazaye amekubali.

Siku moja Digidigi akainuka. "Mwenyekiti ameniagiza niwasomee. Jike avuke mwenyewe, kwa jina lake, na mzigo wake. Anayepinga aseme."

Nyati akafungua kinywa, akamtazama mwenyekiti, akakifunga. Ngiri alitokwa jasho hadi kwenye meno. Kofia haikutikisika.

"Imepita," akasema Digidigi.

"Ngoja kwanza," Kiboko akasema. "Mwenyekiti atie ukwato wake."

Akatoka majini, bwaa, akafika karibu kuliko alivyopata kufika. Akainua kofia, mgongo wake ukiwaziba wengine. Akakuta buyu.

"Niite mashahidi, Bwana Mkuu?" Digidigi akauliza taratibu. "Tuwaambie wote umeliamkua buyu msimu mzima?"

Kiboko akairudisha kofia mahali pake, akaiweka sawa.

"Mwenyekiti ameridhia," akatangaza, akachovya ukwato wake mwenyewe topeni, akaugandamiza chini ya sheria: puu.

Soko lililofuata majike walivuka makundi kwa makundi, wakicheka. Digidigi akavuka peke yake, shingo nyepesi, na mara tatu akainua mkono kushika kitu kisichokuwapo.

Jioni akaitundika kofia msumarini.

"Tumevuka, mume wangu," akaiambia.

Kofia ikanyamaza. Barazani kimya kile kilikuwa kukubali. Nyumbani kilikuwa kimya tu. Akapakua sahani moja, akala.

Hadithi yangu inaishia sahanini, wanangu, na funzo lake ni hili: mlango uwezao kufunguliwa na kofia tupu haukuwa na sababu ya kufungwa.