Nyumba Isiyoingia Pikipiki

Mjini Baraka, mwenye pikipiki akitafuta nyumba ya kupanga haanzi kuuliza vyumba ni vingapi. Huuliza kwanza pikipiki italala wapi. Wengi huilaza sebuleni, kando ya viti, na wageni huizoea kama mtu wa nyumbani. Norbert, dereva wa taksi ya pikipiki, aliyajua hayo yote. Lakini fahari ikishampanda mtu kichwani, nani atamshusha?

Yeye na mkewe Florentine, mja mzito aliyekaribia kujifungua, walionyeshwa nyumba mbili zilizotazamana. Ya kwanza ilikuwa ya udongo, lakini mlango wake ulikuwa mpana, pikipiki ingeingia bila taabu. Ya pili, loo! Sakafu ya saruji, madirisha ya vioo. Ila mwenye nyumba alikataza katakata pikipiki kuingia, isije ikadondosha mafuta ndani.

"Tuchukue ile ya udongo, baba," Florentine alisihi. "Pikipiki ikae karibu. Mi hii tumbo sijui itaniamusha siku gani."

"Aa, we mama! Mutoto wetu azaliwe kwenye harufu ya mafuta? Pikipiki italala kwa Placide. Kule iko ukuta na geti ya chuma."

Placide, binamu yake, aliishi upande wa pili wa mji. Basi Norbert akahamia kwenye saruji, akatamba weee! Nyumba ya udongo ikachukuliwa na Yasini, dereva mwenzake, na Norbert hakuchoka kumtania kwa kulala nyumba moja na pikipiki: "Yasini, bibi yako chuma ameamukaje?" Yasini alicheka tu.

Jumapili moja asubuhi, uchungu ulimshika Florentine kwa ghafla, na damu ikaanza kumtoka. Norbert alitoka shoti. Mlangoni kwa Yasini alisita. Atabisha kwa uso gani, baada ya kejeli zote zile? Aibu ikamsukuma, akakimbilia kwa Placide.

Maskini! Geti lilikuwa na kufuli. Placide alikuwa kanisani akiongoza kwaya, simu imezimwa, ufunguo mfukoni. Norbert akaingia kanisani na kandambili zake, akapenya kati ya waimbaji na kumvuta binamu yake joho, wimbo ukiwa haujaisha.

Aliporudi na pikipiki, nyumba ilikuwa tupu na sakafu ile ya saruji ilikuwa na damu. Moyo ulimlipuka paa!

"Yasini alisikia kilio, amemupeleka hospitali!" jirani mmoja alimwambia. "Kimbia, baba!"

Alimkuta Florentine hoi, lakini hai, na mtoto wa kike kifuani. Mkunga hakumficha: wangekawia kidogo tu, angempoteza mke na mtoto. Norbert akapiga magoti, akalia mbele za watu bila kujali nani anamtazama.

"Nisamehe, mama. Nilipenda sakafu kuliko wewe."

Florentine alimshika mkono. "Nyamaza, baba. Tuko wazima. Lakini utatafuta nyumba ingine."

"Nitatafuta yenye mulango mupana," alijibu akijifuta machozi.

Kisha akamgeukia Yasini, aliyekuwa bado amesimama kando, akamkumbatia. Nje ilisimama pikipiki yake yeye, iliyolindwa kwa ukuta, geti na kufuli, nayo siku ya shida haikumfaa kitu. Hakika, fimbo ya mbali haiui nyoka.