Kava la Sina Shida

Panapodondoka sipo panapovuja.

Jana ugali ulipoungua mlimgeukia Mbuke wote kwa pamoja, kwa sababu yeye ndiye mliyemkuta na mwiko mkononi. Shangazi yenu akawaambia maneno hayo matatu, mkacheka, na leo mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Mmoja wenu anadhani yametoka kwenye paa bovu. Hapana. Yametoka kwenye pikipiki, tena kwenye barabara hiihii ya Kalembela, na yalizaliwa hivi. Kaeni vizuri, na wewe uweke hiyo simu chini.

Hapa kwetu Isunga palikuwa na dereva wa bodaboda aliyeitwa Luhende. Alikuwa mpole, mcheshi, mchapakazi, na mpenda sifa kidogo. Pikipiki yake aliinunua imeshatumika. Nyuma ya tangi, karibu na kiti, kutu ilikuwa imeanza kula bati. Fundi alimshauri tangi lishushwe likachomelewe, lakini Luhende aliona siku tatu za kukaa bila pikipiki ni nyingi mno. Akaenda kwa mshona viti, akashonewa kava jekundu la tangi, lenye sponji nene ndani na vishada pembeni, na juu yake maneno ya manjano: SINA SHIDA. Kutu ikafichika. Baada ya miezi miwili hata yeye alikuwa ameshaisahau, au alijisahaulisha.

Wakati huo zahanati yetu ilikuwa na nesi mmoja tu, Tumsifu, mwenyeji wa Upareni. Kila mwezi alikwenda Kalembela kuchanja watoto, kilomita thelathini za mchanga na miombo, na aliyembeba ni Luhende. Chanjo alizipakata ndani ya boksi la bluu lililojazwa barafu. Barafu ikiisha njiani, chanjo huharibika, na mtoto anayechomwa chanjo iliyoharibika anakuwa amelia bure.

Mwezi mmoja walichelewa. Mafuta yaliwaishia katikati ya pori, Luhende akatembea kwenda kutafuta mengine, na walipofika Kalembela jua lilikuwa limeinama. Kibaraza cha ghala la tumbaku, ambako akina mama husubiri, kilikuwa kitupu. Yalibaki maganda ya karanga. Luhende alimwambia nesi kwamba aliyemuuzia petroli amempunja. Akina mama nao walisema nesi alilala, kwamba watu wa mbali hawana uchungu na watoto wa wengine. Nesi hakujitetea.

Wiki ya tatu surua ikaingia Kalembela. Mtoto mmoja, Shija, aliponea chupuchupu, lakini jicho lake la kushoto likabaki na ukungu mweupe. Mama yake alisimama kisimani akatamka mbele ya wenzake kwamba nesi yule akichelewa tena, hata mara moja, hakuna mwanamke wa Kalembela atakayebeba mtoto kwenda kumngoja. Wenzake wakaitikia.

Maneno hayo yalimfika nesi na Luhende pia, na Luhende usingizi ukampaa. Alijua jambo moja ambalo hakuwa amemwambia mtu. Siku ile waliyochelewa alijaza tangi mwenyewe, akaona kwa macho yake, hadi shingoni.

Basi siku ya safari iliyofuata waliondoka mapema, umande haujakauka. Walipopita daraja la magogo alisikia harufu ya petroli. Akasema moyoni kwamba ni ya jana, aliimwaga alipokuwa akijaza. Walikwenda mwendo mwingine mrefu, harufu ikazidi, naye akazidi kutazama mbele kana kwamba harufu huonekana kwa macho.

"Luhende," nesi akasema nyuma yake, "unasikia petroli?"

"Ni mchanga huu, Sista. Injini inafanya kazi sana."

"Mchanga haulowanishi gauni. Langu limelowa."

Hapo alisimama. Aliinama kutazama. Chini ya kabureta, kile chombo kinachoipimia injini petroli, tone lilikuwa linajikusanya, linanenepa, linaachia. Lilitua juu ya bomba la ekzosi lililokuwa la moto, likachemka na kupotea. Lingine likafuata. Alizima injini. Walikuwa wamekalia moto kwa muda gani, hakujua, na hakuthubutu kuuliza.

"Teremka, Sista. Nenda kule kwenye kivuli na boksi lako."

Akaanza kazi. Kwa akili yake ubovu ulikuwa kwenye kabureta, maana ndiko tone lilikotokea. Aligonga bakuli lake kwa mpini wa spana, wanavyofanya madereva boya la ndani linaponasa. Tone likaendelea. Alikaza skrubu za bakuli mpaka moja ikalia. Tone likaendelea. Akatoa kipande cha sabuni ya mche, maana hakuna bodaboda asiye nacho kwenye zana zake, sabuni haiyeyushwi na petroli. Akaipaka chini ya kabureta mpaka ikawa nyeupe kama kidevu kinachonyolewa. Tone likapita juu ya sabuni, likadondoka. Mwishowe akafunga koki, ile inayozuia petroli isitoke kwenye tangi. Aliketi akahesabu. Tone la kwanza. La pili. La tatu.

"Na koki nayo imechoka," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kule kivulini nesi alifungua boksi kidogo, akatazama kipimajoto, akalifunga haraka. Luhende alisikia maji yakicheza ndani. Asubuhi boksi halikuwa na sauti, barafu ilikuwa bado ngumu.

"Tuna muda gani?" akauliza.

"Saa moja na nusu. Jua likizidi, pungufu ya hapo."

Wakati huohuo akatokea mrina asali mmoja, anatoka mizingani, ndoo begani na kienge cha kufukuzia nyuki mkononi kinafuka moshi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye hekima na sura ya kupendeza, na anayecheka hapo nitamtoa nje. Aliona watu wamekwama akakaza mwendo kwenda kusaidia.

"Simama hapohapo, baba," nesi alipaza sauti. "Usisogeze mguu."

Mrina alitazama mchanga uliolowa, akatazama kienge chake. Hatua kumi na tano nyingine wangekuwa majivu wote watatu. Alirudi nyuma polepole, akakifukia kienge mchangani, akakikanyaga mpaka akahakikisha. Ndipo akaja mikono mitupu.

Luhende alikuwa ameshika kichwa. Akilini alikuwa akiliona lile ghala la Kalembela, akina mama wakifunga mbeleko, mmoja anasema twendeni, na safari hii wakiondoka hawarudi. Nesi Tumsifu alikuja akachutama karibu naye.

"Koki umeifunga?"

"Nimeifunga."

"Na bado inadondoka. Kama ingekuwa kabureta, ingetoa mafuta gani na mlango umefungwa?"

Luhende akaijaribu koki tena kwa kidole.

"Mimi pikipiki siijui," nesi akasema. "Najua watu. Akija mtu damu inamtiririka kisiginoni, siendi kufunga kisigino. Naanza juu, nafuta nikishuka, maana jeraha laweza kuwa pajani. Panapodondoka sipo panapovuja."

Akafungua mkoba wake akatoa pamba. Wakafuta kila kitu pakavu, kuanzia tangi hadi chini. Kisha akabandika vipande vyeupe, kimoja chini ya kabureta, kimoja kwenye mpira wa mafuta, kimoja kwenye koki. Cha nne akakiinua kwenda kwenye pindo la kava jekundu.

"Hapo sipo, Sista," Luhende akasema upesi. "Hapo ni kava tu."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nesi alimtazama, akakichomeka kipande palepale. Wakangoja. Mrina aliona midomo ya Luhende ikitikisika, hakujua kama anahesabu au anaomba. Pamba ya koki ilikuwa kavu. Ya mpira ilikuwa kavu. Ile ya kwenye kava ilikuwa imeshageuka rangi na kulegea.

Nesi alikamua pembe ya kava kwa vidole viwili, petroli ikachuruzika mpaka kwenye kiwiko chake. Sponji lilikuwa limeshiba. Lilikuwa linanywa kutoka juu na kuyashusha mafuta kwa siri, yakifuata chuma, yakifuata waya, hadi kwenye kabureta, ambayo haikuwa na kosa lolote.

"Lifungue," nesi akasema.

Luhende alifungua kamba moja baada ya nyingine. Chini ya SINA SHIDA palikuwa na kutu ya upana wa kiganja, na katikati yake tundu dogo kama kichwa cha kiberiti. Aliketi mchangani.

"Nililijua hili," akasema. "Halikuwa tundu, lilikuwa kutu, lakini nililijua. Hata safari ile sikupunjwa mafuta, Sista. Yalivuja. Nilikuwa nadhani, ila sikutaka kuangalia."

Mrina aligeuza uso, maana machozi ya mwanamume mwenzako huyaangalii.

"Tutazungumza baadaye," nesi akasema. "Lete hiyo sabuni."

Waliilaza pikipiki upande wa pili ili petroli ihame kwenye tundu. Nesi akapasafisha kwa pamba na spiriti, akapapepea pakakauka. Luhende akaisugua sabuni juu ya tundu, akaishindilia kwa kidole gumba mpaka ikaingia, akaongeza nyingine juu. Nesi akakata plasta mbili akazibandika msalaba, kama anavyofunga jipu. Wakaisimamisha, wakaweka pamba mpya chini yake, wakangoja tena. Kungoja huku kulikuwa kubaya kuliko kule kwa kwanza. Nesi aliinusa pamba, akampa Luhende, naye akainusa, akampa mrina.

Ilikuwa kavu.

Walifuta ekzosi na kila palipolowa, wakaisukuma pikipiki mbali na ule mchanga kabla ya kuiwasha. Kava walilitundika kwenye tawi la mninga liache kuchuruzika. Liko wapi sasa sijui, ila madereva wanapaita pale Kwa Sina Shida hadi leo, na wengi hawajui kwa nini.

Njia iliyobaki Luhende alisimama mara nne kunusa pamba. Mara zote ilikuwa kavu. Mgongoni alisikia maji ya boksi yakicheza kwa kila kishimo.

Walipoingia Kalembela akina mama walikuwa wameshasimama. Watoto wako migongoni, wengine wameshageukia njia. Mbele yao alikuwa mama yake Shija, na Shija mwenyewe amemshika khanga, akiwatazama kwa jicho lake moja zima. Nesi aliruka chini akafungua boksi, akasoma kipimajoto, akashusha pumzi. Chanjo zilikuwa salama. Akageuka kuwakabili.

"Nesi," mama yake Shija akasema, "tulikwambia. Mara moja tu, tulikwambia."

"Mniwie radhi, mama zangu," nesi akasema. Basi. Hakuongeza.

Luhende alingoja aongeze. Alingoja amwonyeshe kidole, na kama angemwonyesha, angeinamisha kichwa na mambo yangekwisha. Nesi alikuwa anapanga sindano zake kimya kimya, gauni lake limelowa mpaka magotini, linanuka petroli. Luhende aliona kwamba mwanamke yule angelibeba jambo hili kama alivyolibeba lile la kwanza.

"Si yeye," akasema. Sauti ilimtoka ndogo, akarudia. "Si yeye, mama zangu. Tangi langu limetoboka. Leo limetoboka, na safari ile lilikuwa limetoboka. Fundi aliniambia, nikalifunika kwa kava nionekane nadhifu. Nesi alikuwa tayari alfajiri siku zote mbili. Jicho la mtoto huyu ni mimi."

Mama yake Shija alimtazama Luhende kwa muda mrefu. Kisha akashuka ngazi, akaenda kwenye pikipiki, akagusa ile plasta kwenye tangi. Akamwendea nesi, akainama, akashika upindo wa gauni lililolowa, akaunusa.

"Tulimkamata aliyelowa," akawaambia wenzake.

Akarudi kibarazani, akafungua mbeleko, akaketi wa kwanza na mtoto wake mchanga mapajani. Wengine wakaketi nyuma yake, mmoja mmoja. Watoto arobaini na mmoja walichanjwa siku ile, na Kalembela haikuona tena surua. Luhende alisimama juani muda wote, nje ya kibaraza. Hakufukuzwa, wala hakukaribishwa.

Jicho la Shija halikurudi. Hilo nawaambia ili msidhani kila tundu huzibika kwa sabuni. Luhende mwenyewe ndiye aliyenisimulia ya ghalani, kwa kuwa mimi nilibaki njiani na ndoo yangu. Tangi alilichomelea kesho yake, na hakuweka kava lingine mpaka alipoiuza pikipiki ile. Akina mama wa Kalembela waliyasikia maneno ya nesi kwa Luhende, wakayafanya yao. Tangu siku hiyo, mtu alipokaribia kulaumiwa pale kijijini, palipatikana mama wa kuuliza kwanza kama ni yeye anayevuja au amelowa tu.

Sasa rudini jikoni. Mwiko mlimkuta nao Mbuke. Nani alimpa akamwambia ashike kidogo, na huyo alikuwa ameuacha ugali motoni kwa muda gani? Naona kuna mmoja hapa anaangalia chini. Simtaji. Yeye mwenyewe ameshaelewa kwamba panapodondoka sipo panapovuja.