Njia Aliyoifagia Mama Sange

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni iingie!
Imekuja na uongo wake.
— Iingie nao, chumba kipo!
Na kodi yake?
— Masikio yetu!

Haya, nimeyapokea. Yakae wazi mpaka mwisho, maana mimi mama mwenye nyumba wenu hadithi ya mpangaji siisimulii mara mbili. Na wewe Mbonea wa chumba cha uani, weka simu chini. Wiki nzima unatazama picha za nchi za watu, wapi kuna milima, wapi kuna ziwa, wapi vijana wamechangamka, uende ukapange huko miaka na miaka. Utakwenda, sijakuzuia. Sikiliza kwanza.

Hapo kale alikuwepo Sange. Sange ni kadude kadogo, kama panya aliyevutwa pua, na pua yenyewe haitulii: fyu fyu, fyu fyu. Aliishi na mama yake kando ya kidimbwi, penye mgunga mmoja. Kazi ya akina Sange ni kufagia njia. Kila asubuhi mama alifagia kinjia chake, chwa, chwa, chwa, lisibaki hata jani, ili hatari ikija mtu akimbie asijikwae.

Sange alipokua akasema, "Mama, nakwenda ng'ambo ya vilima kupanga. Nataka mahali penye mandhari, tena pamechangamka."

"Huko kuna nini ambacho hapa hakipo?"

"Na hapa kuna nini, mama?"

Mama akatazama huku na huku atafute cha kumwonyesha. Kidimbwi, mgunga, vumbi. Akasema tu, "Basi nitaifagia njia mpaka kilimani, usije ukapotea siku ukirudi." Na kweli aliifagia, mwanawe akiwa keshatangulia mbele wala hageuki nyuma.

Sange akaenda. Fyu fyu. Akafika kwenye majabali ya pimbi. Akatazama bonde lote lililolala chini yake. "Pazuri," akasema. "Pamechangamka?" Pimbi mmoja akafumbua jicho moja. "Hapa tunaota jua. Jua likizama tunalala." Sange akaondoka.

Akaenda. Fyu fyu. Akafika uwanda wa nyumbu. Vumbi, vishindo, vicheko. "Hapa pamechangamka," akasema. "Nafasi ipo? Nataka kukaa sana." Nyumbu akamjibu huku anatembea, "Kaa. Ila sisi mvua ikihama tunahama, utabaki na kinyesi chetu." Sange akaondoka.

Akaenda. Fyu fyu. Akafika penye kona ya mto, na hapo ndipo hasa. Maji yanameta, mikuyu imeyainamia, minana wanasuka viota chwi chwi chwi, vyura wanaitikiana kroo kroo, vijana wa kenge wanashindana kuogelea. Chini ya mzizi wa mkuyu kuna shimo safi, tupu, mlango unatazama mto. Moyo wa Sange ukaruka. "Mwenye nyumba nani?" akauliza.

Maji yakafanya bwaaa. Akatoka Kiboko.

"Mimi. Mto wangu, kingo zangu, na hicho kivuli ulimosimama changu. Unataka shimo?"

"Nalitaka, mzee wangu."

"Nusu. Chochote utakachopata, nusu yangu."

"Mimi nakula mchwa, mzee. Wewe si unakula majani?"

"Sijasema nitakula. Nimesema nusu."

Sange akapanga. Akipata mchwa, nusu kwa Kiboko. Mnana akipata unyasi, nusu kwa Kiboko. Chura akipata mbu, nusu kwa Kiboko. Na Kiboko hakula mchwa wala mbu. Alivirundika nyuma yake vikaoza, vikanuka, naye akakaa karibu navyo kwa raha zake. "Vyangu," alisema. Wenye nyumba wa namna hiyo mnawajua. Msinitazame mimi.

Kiangazi kikaja, mchwa wakawa adimu. Sange akakonda hata pua ikaonekana ndefu zaidi. Sasa ama ahame yeye, ama Kiboko ahame. Na kurudi kwao aliona haya, jinsi alivyoaga kwa maringo. Akawaza, fyu fyu, fyu fyu.

Asubuhi moja akapeleka kodi yake, akaketi mbele ya Kiboko, akashusha pumzi. "Huuu."

"Una nini?"

"Sina kitu, mzee. Nimekumbuka kwetu tu."

"Kwenu kuna nini?"

"Sisemi. Nikisema utahama, sisi wapangaji wako tubaki yatima."

Mnana juu ya mti akaingiza uso kiotani asionekane anacheka.

"Sema," Kiboko akasema, "na leo nusu yangu urudi nayo."

Sange alikuwa amejiandalia uongo mnene, wa mto wenye kingo za miwa. Akafungua mdomo autoe, yakatoka mengine.

"Kwetu kuna kidimbwi, mzee. Alfajiri kinafunikwa na ukungu, jirani humwoni, unamsikia tu anakohoa. Mgunga ukichanua, maua ya njano yanaangukia maji, na maji yote yananukia. Tuna chura mmoja. Anaita, anangoja ajibiwe, halafu anajijibu mwenyewe. Na ndege hondohondo wawili, mtu na mkewe, wanagombana mpaka adhuhuri, kisha wanalishana." Sauti ilimtetemeka. Kiboko alidhani ni utamu wa mahali. Sange akajiambia ni ujanja wake tu.

"Na mwenye nyumba nani?"

"Hakuna, mzee. Hajapata kuwepo."

Kiboko akasimama, matope yanamdondoka. "Njia ni ipi?"

Hapo Sange angeweza kumwelekeza jangwani. Lakini alikuwa na njaa, alikuwa na haraka, na jibu la kweli lilikuwa karibu zaidi. Akajiambia Kiboko atakitazama kile kidimbwi, atakidharau, atapita zake. "Panda kilima," akasema. "Ukishuka upande wa pili utaona njia imefagiwa. Ifuate tu, hupotei."

Ti, ti, ti. Kiboko akaenda.

Siku hiyo kona ya mto ilikuwa kama harusini. Kenge walimbeba Sange juu juu, vyura waliimba hata sauti zikawakauka. Mvua zikanyesha, mchwa wakarudi, na wote ni wake. Mandhari anayo. Uchangamfu anao. Kodi hakuna. Alikuwa mjanja kuliko wote pale, na alilijua hilo.

Mvua zilipokatika akaja Hondohondo wa kule kwao, akatua mkuyuni.

"Mama yako anakusalimu."

"Hajambo?"

"Yupo. Tuna mwenye nyumba siku hizi. Kidimbwi hakimtoshi, amekifanya tope, lakini haondoki, anasema ni chake. Yule chura hatumsikii tena. Tunalipa nusu. Anasema wewe ndiye uliyemwelekeza."

Pua ya Sange ikatulia. "Mama alisema nini alipoambiwa?"

"Alimwuliza Kiboko ulipasifu vipi. Akamwambia: ukungu, maua, chura, na sisi na ugomvi wetu. Mama yako akamwomba arudie. Sasa kila akipeleka nusu yake anamwomba tena, na lile dude linarudia. Anasema siku ile alikosa cha kukuonyesha, na kumbe mwenzake ulikuwa umekiona chote."

Sange akaingia shimoni. Nje chwi chwi chwi, nje kroo kroo, siku hiyo akaona ni makelele tu. Alijuta, wenzangu. Alijuta hata akala mchwa wake nusu, nusu nyingine akaiacha mlangoni, wala hapakuwa na wa kuichukua.

Tangu hapo kila asubuhi Sange hutoka akafagia, chwa, chwa, chwa, kutoka kona ya mto mpaka juu ya kilima. Akifika juu husimama. Upande wa pili njia imeota majani, maana anayeshinda na njaa hana nguvu ya kufagia mbali. Hutazama chini kuelekea kwao. Haya humshika miguu, akageuka, akarudi kwenye mandhari yake. Kesho yake hufagia tena.

Hadithi yangu inahama.
— Ihame salama!
Ufunguo nimewaachia.
— Tumeupokea!

Na funzo lake ndilo hili: mheshimuni mwenye nyumba wenu, mlipe mapema, kwani mkimhamisha hamjui atahamia kwa mama wa nani. Na kijana akapange palipochangamka, penye milima na maziwa, mbali kabisa. Mbonea, nenda baba. Wakikuuliza huko uendako, kwenu kuna nini, sema hakuna kitu. Halafu mpigie simu mama yako kule Suji, yeye ndiye umwambie vyote.