Utepe Mweusi wa Kisogoni mwa Tetere

Enzi hizo tetere alikuwa kijivu mtupu, tangu kisogo hadi mkia, kama jivu la jana. Tai ndiye aliyewatawala ndege, na baraza lake lilikuwa na kanuni kwa kila jambo isipokuwa ulafi wake. Mfiwa aliazimwa kaniki nyeusi kutoka ghala la baraza, ajitande mpaka matanga yaanuliwe. Kisha airudishe, na jina la marehemu lisitajwe tena. Mfalme, walieleza wakubwa, hakupenda habari za vifo. Jambo hili liliwashangaza wengi, maana vingi alivisababisha mwenyewe.

Faki, tetere mume wa Kidawa, alikufa asubuhi moja kwenye shamba la mtama. Baraza likatangaza kuwa ameuawa na hali ya hewa. Siku hiyo hakukuwa na wingu hata moja. Palipita kivuli tu, nacho kilikuwa na makucha.

Hakuwa shujaa, Faki. Kiota alichojenga kilikuwa vijiti vichache vilivyopishana, ukisimama chini unayaona mayai, naye alikisifu kama kasri. Lakini kila jioni aliwainamia watu wake na kuita, "Mko wote? Mko wote?" Kila alipoita aliinama, ingawa hakuna aliyemwomba.

"Tuko watatu tu, mume wangu," Kidawa alizoea kumtania. "Kwani unahesabu jeshi?"

Naye aliita tena.

Siku za matanga Kidawa alizipitisha bila chozi, akijua kuwa kwake machozi yatakuja baadaye. Jioni ya kuamkia siku ya kurudisha kaniki akawasikia wanawe wakibishana.

"Baba alikuwa na kifua cheupe," alisema Jabu, mdogo.

"Cheupe wapi! Huyo si Kunguru?" dada yake Mize akamkatiza. "Baba alikuwa... alikuwa..."

Kidawa alikuwa ameanza kuuzoea ujane. Lakini mumewe kuvishwa kifua cha Kunguru, hilo lilimshinda. Akaiuma kaniki pindoni, akachana utepe, akajifunga kisogoni, ncha zake zisifike kooni. Aliijua vizuri desturi ya barazani: hakuna anayewapa wakubwa mgongo. Unaingia ukiwatazama, unatoka kinyumenyume.

Kunguru, msimamizi wa nguo za matanga, alimpokea akiwa na kizibao chake cheupe. Akaikunjua kaniki, akaipima kwa bawa.

"Hii imepungua, Bi Kidawa."

"Imejikunja, mheshimiwa. Imelowa sana machozi."

Kunguru akafikiri. Hakukuwa na kanuni ya machozi. Akamkagua kifua, akamkagua mabawa, akamwamuru ainue mdomo. Nusura amwambie ageuke, ila akakumbuka kuwa mjane akigeuka atakuwa amewapa wakubwa mgongo, na kosa litamrudia aliyeamuru.

"Haya, nenda. Na jina lisitajwe."

"Halitatajwa, mheshimiwa."

Akatoka kinyumenyume, shingo ameikaza kama mti. Wakubwa wakaisifu adabu yake.

Jioni ile alitua mbele ya wanawe. Akawainamia mpaka utepe mweusi ukaonekana wote, akaita, "Mko wote? Mko wote?"

Watoto wakasogea karibu.

"Ndivyo alivyokuwa akifanya," Mize akasema polepole. "Hivyo hivyo. Kichwa chini."

"Wote, mama," alijibu Jabu. Kisha akautazama ule utepe. "Ila mmoja."

Hapo ndipo Kidawa alipolia. Alipomaliza, akauchana utepe wake, akawafunga na wao visogoni.

Kunguru alipousikia mwito ule jioni baada ya jioni, akaja mbio. "Unamtaja?"

"Nawahesabu wanangu, mheshimiwa. Kuna kanuni?"

Kunguru akaenda kuuliza. Hajarudi.

Na tangu siku hiyo tetere ana utepe mweusi kisogoni, nao haufiki kooni. Wakubwa wanaomkagua usoni hawajauona mpaka leo. Akiwa na walio wake huinama na kuuliza kama wote wapo. Jibu analijua. Huuliza tena.